Kabla ya Kununua Printa Mpya, Tujifunze Kuizima Hii

Wasomi wenzangu, kama ulipita ofisi ya jumuiya yetu wiki ya nane ya muhula huu, bila shaka ulikutana na kile kikaratasi mlangoni: "HUDUMA YA KUPRINTI IMESITISHWA. WINO UMEISHA." Kimeandikwa kwa peni, maana printa ambayo ingekichapa ndiyo hiyo hiyo haina wino. Watu tulicheka, tukapiga picha, tukaweka status, kisha tukashuka na flashi zetu hadi steshenari za getini kupanga foleni.

Kicheko kimeisha, sasa tuongee. Hii ni mara ya tatu wino unaisha na muhula bado haujafika mwisho. Na safari hii jambo halikuishia kwenye kikaratasi. Hoja iliyopelekwa Baraza la Wawakilishi ina vipande viwili: mosi, tununue printa mpya kwa fedha za michango yetu, pili, bei ya kuprinti ipande kutoka shilingi 100 hadi 150 kwa ukurasa ili kufidia hasara. Sababu iliyotolewa ni moja tu, na kila mtu ameipokea bila kuuliza: printa inakula wino.

Mimi napinga vipande vyote viwili. Sina ugomvi na kiongozi yeyote na wala sitafuti cheo, mwakani nahitimu Mungu akipenda. Napinga kwa sababu nimeona kwa macho yangu huo wino unakokwenda. Na napinga kwa sababu mwaka jana, nikiwa BTP, mimi mwenyewe nilimaliza wino wa shule kwa njia ile ile, na watoto wa watu ndio waliolipa. Ya shule nitayasema mbele. Tuanze na ya hapa nyumbani.

Kwanza tusidharau hiyo hamsini. Chukua mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye ripoti ya utafiti ya kurasa 60, anayetakiwa kutoa nakala mbili. Hizo ni kurasa 120. Kwa bei ya sasa analipa 12,000. Kwa bei mpya atalipa 18,000. Elfu sita ya tofauti ni chakula cha siku mbili kwa mtu ambaye boom lake limeshakata na anaishi kwa kukopa mchele chumba cha jirani. Na hapo bado hujahesabu karatasi ambazo msimamizi atazirudisha zikiwa na wino mwekundu kuanzia utangulizi hadi hitimisho.

Sasa huo wino. Mwezi uliopita katibu wa ofisi aliniomba nimsindikize kuipeleka printa kwa fundi mjini, kwa kuwa ilikuwa imegoma kabisa. Taa zinawaka kwa kupokezana, kwenye kompyuta unatokea ujumbe kwamba kuna kifaa ndani ya printa kimefika mwisho wa maisha yake. Tukaibeba kwenye bajaji, mimi nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga, na tulipofika nguo yangu ilikuwa na doa la bluu ambalo mpaka leo halijatoka. Kumbuka hilo doa.

Fundi ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, mnasemaje?" Katibu akaeleza kwa ufasaha wote wa mtu anayesoma sheria: printa ni mbovu, inakula wino, tunajaza leo na baada ya muda mfupi hola. Mzee hakujibu. Akafungua skrubu pembeni na nyuma ya mashine, akachomoa kijitrei cha plastiki, ndani yake kukiwa na kitu kama sponji. Sponji lenyewe lilikuwa jeusi tii, limelowa hadi linachuruzika. Akaliweka juu ya gazeti mbele yetu.

"Wino wenu huu hapa," akasema. "Haujaliwa na mtu."

Tukabaki tunatazamana. Michango yetu ilikuwa pale juu ya gazeti, inasambaa taratibu kwenye habari za michezo.

Ngoja nieleze nilivyoelezwa, maana hata mimi nilikuwa sijui, na ninaamini wengi wetu hatujui. Printa ya ofisi yetu ni ile ya kujaza wino wa chupa kwenye matangi manne: mweusi, na rangi tatu. Ndani yake kuna kichwa kinachokwenda na kurudi juu ya karatasi, na chini ya kichwa hicho kuna matundu mengi sana, madogo kuliko unywele. Wino unatoka humo kwa matone ambayo jicho haliwezi kuyaona moja moja. Tundu dogo namna hiyo lina adui mmoja mkubwa, naye ni hewa. Wino ukikaa wazi unakauka, tundu linaziba, na kwenye karatasi unaona mistari myeupe inayokata maneno katikati.

Waliotengeneza mashine walilijua hilo, wakaweka dawa mbili. Dawa ya kwanza ni kofia. Pembeni ndani ya printa kuna kikofia cha mpira, na unapoizima kwa kitufe chake, kichwa hurudi kwenye maegesho yake, kikofia kikayafunika matundu yote, ndipo mashine inalala. Dawa ya pili ni kujisafisha. Printa hufyonza wino kutoka kwenye matangi, ikaupitisha kwenye matundu kwa nguvu ili uzibue, na wino huo ukishatoka haurudi tangini. Unakwenda kwenye lile sponji. Ndiyo kazi ya sponji, kupokea maji ya kuoshea. Mashine huhesabu umepokea kiasi gani, na hesabu ikifika kikomo inakataa kufanya kazi ili wino usimwagike mezani. Lile doa la bluu kwenye nguo yangu lilikuwa limetoka huko.

Kwa hiyo kusema printa inakula wino si kweli. Printa inaoga. Na inaoga mara nyingi namna ile kwa sababu sisi tunaichafua.

Tunaichafuaje? Ukiingia ofisini, tazama ukuta wa kushoto juu ya soketi. Kuna tangazo limegandishwa kwa selotepu, la siku nyingi kiasi kwamba limeshakuwa la njano: "TAFADHALI ZIMA SWICHI UKUTANI KABLA YA KUONDOKA." Nia ilikuwa njema. Tunaogopa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo utaunguza mashine, na tunaogopa kumaliza uniti za LUKU. Basi mtu akienda kula, anazima ukutani. Akienda kuswali, anazima ukutani. Jioni, anazima ukutani. Wakati mwingine karatasi bado inatoka, mtu ameshaweka kidole kwenye swichi.

Ukikata umeme namna hiyo, kichwa kinaweza kubaki katikati ya njia bila kofia, usiku kucha, hasa kama ulikata katikati ya kazi. Na hata kama kilikuwa kimeshafunikwa, printa nyingi za aina hii zinapowashwa huanza kwa kujiandaa, na katika kujiandaa huko husukuma wino kidogo kusafisha njia. Ile milio ya kukoroma unayoisikia kabla haijakubali kuprinti ndiyo hiyo. Ukiizima na kuiwasha mara nne kwa siku, umeiandaa mara nne. Tunaokoa uniti chache za LUKU kwa mkono wa kulia, tunamwaga wino kwa mkono wa kushoto, halafu tunaandika muhtasari wa kikao kwamba mashine ni mbovu.

Na muhtasari wenyewe tunauandikaje? Hili ni kosa la pili. Karatasi rasmi ya jumuiya ina mkanda wa rangi juu, mkanda wa rangi chini, na nembo kubwa iliyofifishwa katikati ya kila ukurasa, chini ya maandishi. Tunaprinti hiyo kwenye barua, kwenye ajenda, kwenye orodha ya mahudhurio, mpaka kwenye tangazo la funguo zilizopotea. Hakuna mtu anayesoma ajenda akajisikia vizuri kwa sababu nyuma ya neno "mengineyo" kuna nembo. Ukiongeza na wale wanaoleta kazi kutoka kwenye simu, kurasa zenye mandhari nyeusi na picha za matangazo, wakibonyeza "print" bila hata kuangalia itatokaje, utaelewa kwa nini rangi ya bluu inaisha kwenye ofisi ambayo asilimia kubwa ya kazi zake ni maandishi meusi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hulibishia mpaka waonyeshwe. Hata ukiprinti maandishi meusi matupu, rangi zinaweza kupungua. Kwanza kwa sababu printa ikijisafisha, kwa kawaida husafisha matundu ya rangi zote, siyo yale uliyoyatumia tu. Pili kwa sababu usipochagua kuprinti kwa nyeusi na nyeupe, mashine inaweza kutengeneza kijivu, na wakati mwingine hata weusi, kwa kuchanganya rangi. Wewe unaona ripoti ya kawaida, yenyewe imechota kwenye matangi manne.

Kosa la tatu ndilo langu mimi binafsi, kwa hiyo nitalieleza kwa aibu. Ni kile kitufe cha kusafisha. Maandishi yakitoka na mistari, mtu wa kwanza anayejiona anajua kompyuta anaingia kwenye setingi, anabonyeza Head Cleaning. Anaprinti, bado. Anabonyeza tena. Bado. Anabonyeza mara ya nne na ya tano, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti akidhani itakuja haraka. Kila kubonyeza ni wino unakwenda kwenye sponji. Fundi alituambia utaratibu ni mwingine: kwanza printi ule ukurasa wa kukagua matundu, ule wenye vimistari vya rangi nne, uone ni rangi ipi yenye mapengo. Ukiwa hauna mapengo, tatizo lako siyo matundu, pengine ni setingi au karatasi, na kusafisha hakutakusaidia. Ukiwa na mapengo, safisha mara moja, kagua tena. Ukifika mara ya tatu bila nafuu, acha. Izime kwa kitufe, iache ilale usiku mzima, wino ukajilainishe wenyewe, kesho ukague tena. Uvumilivu tu. Hauna gharama.

Sasa niwapeleke shuleni nilikofanyia BTP, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba hili siyo suala la ofisi ya jumuiya peke yake.

Nilipangwa kufundisha Kiswahili Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya sabini darasa moja. Shule ilikuwa na printa moja, ndogo, ya katriji mbili, ikikaa ofisi ya taaluma. Walimu wenyeji waliponiona na laptop wakanikabidhi. "Madam, ninyi vijana ndio wa dunia hii, hii mashine ni yako sasa." Nikajisikia mtu muhimu. Kila jioni nilizima kila kitu kwenye ekstensheni, klik moja, nikaenda zangu nyumbani nikiamini nimekuwa mtunzaji mzuri wa mali ya umma. Ijumaa nilizima, Jumatatu nikiwasha maandishi yanatoka yamefifia, nami nabonyeza kusafisha, nabonyeza, nabonyeza.

Siku mbili kabla ya jaribio la nusu muhula, wino ukaisha. Mwalimu wa taaluma akaniambia kwa upole kwamba fedha ya wino kwa muhula ule ilikuwa imeshatumika yote. Hela yangu ya kujikimu nayo ilikuwa imekata. "Usijali Madam," akasema, "hii printa imechakaa, inakula wino. Utaandika ubaoni."

Nikaandika ubaoni. Jaribio lilikuwa na kifungu cha ufahamu cha aya nne. Nilianza kuandika kengele ya kipindi ilipolia, nikamaliza na bega linauma, na wanafunzi walikuwa bado wananakili. Muda wa kufikiri uliliwa na muda wa kunakili. Walioketi nyuma walikuwa wanasimama, wanachungulia, wanaulizana. Nikawa nawakemea wasinong'onezane, wakati walichokuwa wananong'onezana ni swali lenyewe.

Jioni nikasahihisha. Swali la saba lilikuwa la utata: eleza maana mbili za neno "paa". Binti mmoja wa mstari wa nyuma, mpole, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba macho yake hayaoni mbali, aliandika hivi: maana ya kwanza ni mnyama afugwaye anayekamata panya, na maana ya pili ni kusambaza kitu kama rangi au mafuta juu ya kitu kingine. Nikaweka kosa. Nikaendelea na karatasi zingine tatu, kisha nikasimama. Nikarudi kwenye karatasi yake. Juu ya jibu alikuwa amenakili swali, kwa mwandiko safi: eleza maana mbili za neno "paka".

Alikuwa amejibu sawasawa kabisa. Isipokuwa alijibu swali ambalo sikuliuliza, kwa sababu sikuweza kumpa karatasi yenye swali nililouliza.

Nilimpa alama zake. Lakini sikujua ni wangapi wengine walikosea kunakili wakaniachia jibu ambalo halikunishtua, nikapiga kosa na kuendelea. Na mwalimu wa taaluma aliposema tena printa imechakaa, niliitikia kwa kichwa. Sikudanganya, nilikuwa sijui. Siku fundi alipoliweka lile sponji juu ya gazeti ndipo nilipojua, na kitu cha kwanza nilichokiona kichwani hakikuwa fedha ya jumuiya. Nilimwona yule binti amesimama nyuma ya darasa, amekunja uso, anautafuta ubao.

Ndiyo maana nasema hili linatuhusu, hasa sisi wa elimu. Wengi wetu tutapangiwa shule zenye printa moja. Tutakabidhiwa, maana sisi ndio vijana wa dunia hii. Tukienda na tabia ya kuzima ukutani na kubonyeza ovyo, tutamaliza wino wa shule na kuiachia lawama mashine, na watakaokaa nyuma ya darasa wakichungulia ubao hawatajua nani wa kumlalamikia.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Dada, tusijilaumu sana, hizi kampuni ndizo wezi, zinauza mashine rahisi na wino ghali." Sikatai. Siyo sisi tu tunaolalamika. Mwaka 2017 nchini Ufaransa chama kimoja cha kupinga bidhaa zilizotengenezwa ziharibike mapema kilipeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wa printa, na waendesha mashtaka wa Nanterre wakafungua uchunguzi. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Impression Products na Lexmark kwamba kampuni ikishauza katriji, haiwezi kutumia haki zake za hataza kumzuia mnunuzi asiijaze upya au asiiuze. Kwa hiyo vita hiyo ipo na ina haki yake. Hata ile idadi ya kurasa wanayoiandika kwenye boksi, ambayo hupimwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, hupatikana kwa kuchapa mfululizo, siyo kwa maisha ya ofisi yetu ya washa, zima, printi kurasa mbili, nenda kale. Lakini niambie: kesi ya Ufaransa itakubonyezea kitufe cha kuzima jioni ya leo? Kampuni ikituibia upande mmoja, siyo sababu ya sisi kujiibia upande wa pili.

Jibu la pili: "Tununue basi ya leza, haina mambo ya wino." Hili lina akili ndani yake. Printa ya leza inatumia poda, siyo maji, kwa hiyo haina matundu ya kukauka, na kwa ofisi inayochapa maandishi meusi mengi ni chaguo zuri. Sipingi milele. Lakini ukinunua mashine mpya ukaiweka mikononi mwa tabia ya zamani, umehamisha tatizo tu. Nayo leza ina yake: itakuonya kwamba tona inakaribia kuisha wakati bado ina kurasa za kutosha, na ofisi isiyo na mtu wa kuifuatilia itaing'oa tona hiyo siku hiyo hiyo na kuitupa. Hapo pia tutasema inakula.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma zaidi: "Hayo ni mambo madogo, jumuiya ina mambo makubwa." Wakuu, tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wenyewe ndio huu uliopo mbele ya Baraza: printa mpya na bei mpya. Ufa ulikuwa swichi.

Kwa hiyo napendekeza haya, na yote yanaweza kuanza kesho bila kikao.

Tubandue lile tangazo la njano, tuweke jipya: "ZIMA KWA KITUFE CHA PRINTA. SUBIRI TAA IZIMIKE. NDIPO UZIME UKUTANI." Mwenye hofu ya umeme atazima ukutani kama kawaida yake, ila baada ya kichwa kuvaa kofia. Mchana tusiizime kabisa, tuiache ipumzike yenyewe. Na umeme ukikatika ghafla, ukirudi, tuiwashe na kuizima kwa kitufe hata kama hatuna kazi, ili ijifunike.

Tuweke setingi ya kompyuta ya ofisi iwe nyeusi na nyeupe, na ubora wa rasimu kwa kazi za ndani. Anayetaka rangi achague mwenyewe na alipie rangi. Nembo kubwa ya katikati iondoke kwenye kila kitu isipokuwa barua zinazotoka nje. Kabla ya kuprinti, mtu atazame kwanza kwenye skrini, maana ukurasa wa mwisho wenye neno moja nao ni ukurasa.

Kitufe cha kusafisha kiwe na mwenyewe. Ateuliwe mtu mmoja kila wiki, na pembeni ya printa liwekwe daftari la kawaida: tarehe, kurasa zilizochapwa, umesafisha au hukusafisha, nani. Siyo kwa ajili ya kumkamata mtu. Ni kwa sababu leo ukiniuliza wino wa muhula huu umechapa kurasa ngapi, sijui, katibu hajui, mhazini hajui, na bado tunataka kupandisha bei. Tunapandisha kutoka wapi kwenda wapi, kama hatujui gharama ya ukurasa mmoja ni nini?

Mwisho, tulipe fundi atubadilishie sponji, siyo kufuta hesabu tu kwenye mashine ili iamke. Ukifuta hesabu ukaacha sponji lililojaa, wino utatafuta njia, na njia yake ni meza, au nguo ya mtu atakayeipakata kwenye bajaji.

Tufanye hivyo muhula mmoja. Daftari likionyesha kwamba bado wino unaisha kama zamani, mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono tununue leza, na makala hii mtanisomea hadharani. Lakini Baraza lisipitishe bei mpya juu ya wanafunzi kwa ushahidi wa maneno "inakula wino", wakati wino wenyewe tumeuona umekaa kwenye sponji, haujaandika hata herufi moja.

Jana nilipita ofisini saa kumi na moja jioni. Kijana wa zamu alikuwa anafunga, mkono tayari uko kwenye swichi ya ukutani. Nikamwambia, "Kaka, samahani, anza na kitufe." Akanitazama, akabonyeza. Printa ikalia kidogo ndani, kichwa kikatembea hadi pembeni, taa ikapepesa, ikazima. Tulisubiri kama sekunde kumi hivi.

"Ndiyo hivyo tu?" akaniuliza.

Ndiyo hivyo tu. Naomba kuwasilisha.